Kichwa Hakina Mkalimani

Oldenburg,
9 Machi

Kwa dada yangu Rayna,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, ukizipanda ngazi zako bila kupumzika katikati. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kwa uhakika kuliko redio. Barua yako ilinifikia Jumanne pamoja na uzi mwekundu na mweupe wa mwezi Machi. Nimeufunga kwenye kifundo cha mkono, ndani ya shati. Jirani yangu wa chini huniuliza kila mwaka kama nimeumia. Mwaka huu hakuuliza. Nadhani amechoka kusikia jibu lilelile. Presha yako je? Mzabibu wa uani umeshapunguzwa matawi, au bado unamngoja yule mpwa wetu anayeahidi kila Jumamosi? Uliandika pia kwamba umepanda maua kaburini, upande wa mama. Niliisoma sentensi hiyo mara mbili, kisha nikaendelea.

Sasa nikujibu ulilouliza. Ulitaka kujua kama ni kweli Pavlina, binti wa jirani yako Tsvetana, aliacha kazi huku kwa hiari yake. Ulipiga mstari chini ya neno hiari. Unasema kwenye foleni ya mkate wanadai kiwanda cha bata mzinga kimemchosha, amepata bwana, ametia sahihi na kujiondokea, na kwamba Tsvetana sasa hununua mkate wakati duka linakaribia kufungwa ili asikutane na watu. Hapana, dada. Hakuacha. Lakini karatasi ilikuwepo, na sahihi yake ilikuwemo, na imechukua miezi mitatu na vikao viwili vya mahakama kuitengua. Nilikuwepo, kwa kuwa mimi ndiye niliyeitwa kutafsiri. Kesi ilisikilizwa hadharani, hivyo sivunji kiapo nikikusimulia.

Pavlina amefanya kazi miaka sita katika kiwanda cha bata mzinga, mwendo wa saa moja kwa basi kutoka hapa. Hukata mapaja akiwa amesimama, kwenye baridi ya jokofu, na hulala katika bweni la kiwanda, vitanda vinne chumba kimoja. Nyapara wake anaitwa Kamen, Mbulgaria mwenzetu, kutoka mji wa Montana, mwenye miaka kumi na tisa nchini humu. Wafanyakazi wanamwogopa na kumcheka kwa wakati mmoja. Mtu mpya akifika, Kamen humwambia avue saa, avue pete, na kichwa chake nacho akiache kabatini, maana kiwanda kimeajiri mikono tu. Lakini ndiye huyohuyo anayewapeleka kwa daktari wa meno kwa gari lake, na ndiye anayejua ofisi ipi inataka fomu ipi. Anawahitaji wakubwa wa kiwanda na wao wanamhitaji, na mtoto wake wa pili ameanza chuo mwaka huu.

Mwezi Novemba Pavlina aligundua kuwa ana mimba. Sheria ya huku haina utata katika hilo: mjamzito hafukuzwi kazi, wala haachwi kwenye baridi ile akiwa na kisu mkononi. Mwajiri ampe kazi nyepesi, au ampumzishe nyumbani kwa mshahara. Ukuta huo una mlango mmoja tu. Mfanyakazi mwenyewe akikubali kwa maandishi kuachana na kazi, basi wameachana. Pavlina alimwambia Kamen siku ya Jumatatu. Jumatano akaitwa ofisini.

Yaliyotokea ofisini nimeyasikia kutoka kila upande, kiasi kwamba naweza kuyachora. Afisa wa wafanyakazi, mwanamke Mjerumani wa makamo, aliuliza kwa lugha yake kama Pavlina anataka kuondoka kazini. Kamen akaliweka swali hilo katika lugha yetu. Pavlina akainua kichwa na kukishusha, kama ambavyo wewe au mimi tungefanya. Afisa ni mtu mwangalifu, akauliza tena. Pavlina akainua na kushusha kichwa kwa nguvu zaidi, mara tatu, na anasema alipiga na kidoko cha kukataa. Afisa akashukuru kwamba jambo halina ugomvi. Kamen aliona yote na hakusema kitu. Karatasi ikaletwa, kurasa mbili za Kijerumani, na Pavlina akaamini kuwa ndiyo ile taarifa ya mimba ambayo wenzake walimwambia lazima ijazwe. Alimuuliza Kamen atie sahihi wapi. Kamen akamwonyesha kwa kidole.

Wiki iliyofuata msimamizi wa bweni alimwambia kwamba kitanda chake kitahitajika ifikapo mwisho wa mwezi. Pavlina alicheka. Alidhani anataniwa, kwamba labda anahamishiwa chumba cha wajawazito, akauliza kama huko kuna dirisha. Msimamizi akamwambia hakuna chumba cha namna hiyo; karatasi aliyotia sahihi ilikuwa ya kuacha kazi.

Siku hiyo hiyo alikuja kwangu, kwa kuwa mama yake alikuwa amempa anwani yangu. Nilimsikiliza dakika mbili mlangoni, kisha nikamkatiza. Nilimweleza kwamba jina langu limo katika orodha ya wakalimani wa mahakama, kwamba jambo lake linaweza kufika huko, na kwamba nikishajua mengi sitafaa tena kutafsiri. Sikumpa hata kahawa. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba nyumbani walimwambia mimi ni mtu wa Lom kama yeye. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutomkaribisha. Nilimwandikia anwani ya ofisi inayowashauri wafanyakazi wageni, nikamtakia heri, nikafunga mlango. Miaka thelathini na moja ya ukalimani nimekuwa mtu wa namna hiyo, Rayna, na sikuwahi kuona haya.

Katika ofisi ile yupo Imke Hinrichs, mwanamke mrefu anayevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Pavlina alinisimulia baadaye kwamba kitu cha kwanza Bi Imke alichokitazama ni kalenda. Karatasi aliitazama baadaye. Akamwambia kwamba anayetia sahihi bila kusoma kwa kawaida amenaswa, lakini aliyeamini kuwa anatia sahihi jambo jingine anaweza kuikana sahihi yake, mradi aikane mara moja. Akilala nayo wiki kadhaa, sheria itasema ameizoea. Hiyo ilikuwa siku ya tisa tangu sahihi itiwe, na siku ya kwanza tangu Pavlina ajue ametia sahihi nini. Barua ya kuikana iliandikwa palepale, na Pavlina akaipeleka kiwandani kwa mkono wake na kudai nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Mlinzi wa getini akamtania kwamba anapenda mihuri kama mtu anayevuka mpaka. Akamjibu kwamba mpaka alishauvuka zamani, sasa anataka muhuri.

Kesho yake wakaenda masijala ya mahakama ya kazi. Huko yupo karani ambaye kazi yake ni kuandika malalamiko ya mtu kama mwenyewe anavyoyasimulia, bila malipo na bila wakili. Pale bwenini hakuna aliyejua kwamba dawati hilo lipo. Walimwambia mahakama ni ya Wajerumani. Mwenzake mmoja wa chumbani alimshauri apande basi la Sofia akajifungulie kwa mama yake, maana mbuzi hashtaki kisu. Pavlina akamwambia kwamba kwa miaka sita aliyeshika kisu ni yeye.

Ukurasa mzima wa madai ulihusu kichwa. Uliandikwa kwamba kwa Wabulgaria kichwa kikienda juu na chini ni kukataa, na kikienda upande huu na huu ni kukubali, kinyume kabisa cha Wajerumani. Jambo ambalo wewe na mimi tulilijua kabla ya kutambaa, hapa lilihitaji vielelezo vitatu na kiambatanisho.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha kupatanisha. Hakimu alikaa peke yake, mwanamume mwenye sauti tulivu kama ya mwalimu wa muziki. Wakili wa kiwanda alitaka waachane kwa amani, apewe mshahara wa miezi miwili. Pavlina alikuwa ameshapatiwa wakili kwa msaada wa serikali, lakini alijibu mwenyewe. Alisema kifuta jasho hakitaki. Anataka kazi yake, kwa kuwa bila kazi hana bima ya kuzalia, hana kitanda, na mtoto atazaliwa bila anwani. Nilitafsiri neno kwa neno. Hakimu aliandika kitu, akapanga kikao cha pili.

Cha pili kilikuwa mwishoni mwa Februari. Safari hii hakimu alikaa na wazee wawili wa baraza, mmoja kutoka upande wa waajiri, mwingine upande wa wafanyakazi. Afisa alitoa ushahidi wake kwa unyofu. Alisema aliona mama huyu akiitikia kwa kichwa mara nne, kwa nguvu. Kidoko hakukisikia, ila mashine ya kahawa ilikuwa inanguruma. Kisha wakili wa kiwanda akahoji kwamba mtu aliyekaa miaka sita nchini amekwisha kujifunza kuitikia kama wenyeji. Akamgeukia Pavlina ghafla, akamuuliza kwa Kijerumani chepesi kama ameelewa. Pavlina, kwa woga na kwa adabu, akainua na kushusha kichwa, akasema ndiyo, kwa Kijerumani. Wakili akafungua viganja vyake viwili kwa wazee wa baraza, akaketi. Hakuhitaji kuongeza neno.

Wakili wa Pavlina alijitahidi. Alisema kichwa hufuata lugha: ukiulizwa kwa Kijerumani hujibu kama Mjerumani, ukiulizwa kwa Kibulgaria hujibu kama Mbulgaria. Hilo ni kweli. Changu mwenyewe kina nchi mbili. Kwa muuza mikate ni cha huku, na nikizungumza nawe kwa simu, peke yangu jikoni, kinarudi Lom. Lakini kweli isiyo na shahidi haina uzito mahakamani. Kila kitu sasa kikamwangukia Kamen, kwa kuwa siku ile ni yeye pekee chumbani aliyezijua lugha zote mbili za kichwa.

Kamen alikuja amevaa suti, nywele amezilowesha na kuzichana nyuma. Anakijua Kijerumani vizuri, lakini aliomba ahojiwe kwa lugha yake, na hiyo ni haki yake. Alionywa kuhusu adhabu ya ushahidi wa uongo. Aliulizwa kuhusu karatasi akasema hakuisoma, alionyesha tu mahali pa sahihi. Kisha hakimu akauliza swali lenyewe: Pavlina alipoinua na kushusha kichwa, je, yeye Kamen, kama mtu wa nchi yake, alielewa kwamba anakataa? Nikatafsiri. Kamen akatazama meza. Wakili wa kiwanda akamtazama Kamen. Pavlina hakumtazama yeyote. Mikono yake ilikuwa juu ya tumbo. Kisha kichwa cha Kamen kikaenda kushoto, kulia, kushoto.

Hapa mahakimu husomea kinasa sauti kumbukumbu zao wenyewe. Hakimu alikiinua mdomoni akaanza kusema kwamba shahidi amekana. Nikanyoosha mkono. Nikasema: Mheshimiwa, niwie radhi, shahidi hakukana. Kwetu, alichofanya ni kukubali.

Wakili wa kiwanda alisimama kwa kishindo akasema mkalimani ameajiriwa kutafsiri maneno, hakuajiriwa kutafsiri shingo za watu, na kwamba mtu wa miaka kumi na tisa nchini anajua kutikisa kichwa. Mzee mmoja wa baraza alicheka akajifanya anakohoa. Hakimu akamtaka Kamen ajibu kwa mdomo. Kamen aliniangalia mimi, muda mrefu kuliko inavyofaa, kisha akasema kwa Kijerumani, bila kupitia kwangu, kwamba iwe kama alivyosema mzee huyu. Hakimu akamwambia kuwa "iwe" si jibu. Ni ndiyo au ni hapana. Kamen akasema ndiyo. Alielewa kwamba Pavlina anakataa. Alielewa tangu mara ya kwanza.

Uamuzi ulisomwa mchana uleule. Sahihi imetenguka, karatasi haina nguvu, kazi ya Pavlina ipo kama ilivyokuwa. Nilipomaliza kumtafsiria, aliuliza jambo moja tu: kama kitanda pia kimo. Kimo. Sasa anapumzika kwa mshahara wake, na mtoto anatarajiwa mwezi Juni. Wiki iliyofuata wanawake watatu wa bwenini walikwenda kwa Bi Imke, kila mmoja na karatasi zake katika mfuko wa plastiki. Yule aliyezungumza habari za mbuzi na kisu alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Mpaka hapa, dada, unaweza kumsomea Tsvetana kwa sauti, na akipenda naye awasomee watu wa foleni ya mkate. Yanayofuata nimeyaandika kwenye karatasi ya peke yake kwa makusudi. Ni yako tu.

Unajua kwamba ndiyo yetu na hapana ya Wajerumani hufanana kwa mtu aliye mbali. Kwa aliye karibu hazifanani. Ndiyo yetu ni laini; kichwa huyumba, sikio likishuka kidogo kuelekea bega, kama mtu anayepima uzito wa tikiti. Hapana yao ni kavu. Kidevu hupita mstari mnyoofu, kama droo inayosukumwa na kufungwa. Nimeishi kati ya hizo mbili miaka arobaini na sita, na kwa watu wengine sizichanganyi. Kichwa cha Kamen kilipita kama droo. Alikuwa anakana. Alikuwa anadanganya mahakama kwa shingo, kwa Kijerumani. Niliona, nikaelewa, na nikamwambia hakimu kinyume cha nilichoelewa.

Utasema uongo wake ungemtoa binti wa watu kitandani, na wangu ulimrudisha. Hoja hiyo nimeshajipa mwenyewe, na kama hoja si mbaya. Lakini mtu anaposimama mbele ya watu wenye mamlaka wasiojua lugha yake, ana kitu kimoja tu cha kutegemea, kwamba anayemtafsiria hachagui. Nimewatafsiria wajane, madereva, wezi, hata mmoja aliyempiga mkewe, na wote niliwapa sauti ile ile. Siku ile nilichagua.

Kamen alinikuta nje, ninafungua kufuli ya baiskeli. Nilitegemea matusi. Aliniita Mzee Metodi, kwa heshima, akasema nimemsoma vibaya. Nikamwambia nilimsoma vizuri. Akafikiri kidogo, akainama kunishikia baiskeli maana goti lilikuwa linanisumbua, kisha akasema maneno ambayo niliyaandika siku ile ile ili nisiyabadilishe. Alisema kwamba kichwa kilikuwa kimetangulia, ila mdomo ulikuwa bado. Kwamba nilinyoosha mkono upesi mno. Kwamba labda, ningengoja kidogo tu, angesema mwenyewe.

Wamemwondoa unyapara. Anakata mapaja kwenye mstari mmoja na wale aliokuwa akiwasimamia, na naambiwa hawamsemeshi; kwa sababu alikaa kimya ofisini, na pia kwa sababu hata ukweli alipousema, unaonekana ulitolewa kinywani mwake na mtu mwingine. Katika hilo la pili wana haki kuliko wanavyojua. Kama angesema mwenyewe au la, sijui, na hakuna njia tena ya kujua. Nilimwokoa Pavlina, na katika kumwokoa nilimnyang'anya Kamen sekunde mbili ambamo huenda angekuwa mtu mwingine.

Nimeiandikia mahakama kuomba jina langu liondolewe katika orodha ya wakalimani. Sababu niliyotaja ni masikio. Masikio yangu hayana kasoro yoyote.

Basi, dada, nisikuchoshe. Nisalimie Tsvetana, nisalimie mpwa wetu na umwambie matawi ya mzabibu hayangoji Jumamosi. Kunywa dawa zako asubuhi, usisubiri mpaka kichwa kianze kuuma. Ukiijibu barua hii, niandikie habari za nyumbani tu, bei ya jibini na nani kaoa; kuhusu karatasi ya mwisho usiniandikie kitu. Ikunje, uitie jikoni motoni, chai ichemke.

Mdogo wako akupendaye,
Metodi